Malaria ilikuwepo, sukari nayo ilikuwepo

Mmeuliza wiki hii: mzazi ambaye mtoto wake alitibiwa ugonjwa usiokuwa wake, moyo anautuliza namna gani? Wangu haukutulia kwa kusamehe wala kwa kushtaki. Ulianza kutulia siku docta alipokaa chini akanieleza kilichotokea mwilini mwa binti yangu.

Alikuwa anakunywa maji kutupita wote. Hapa Goma wengi wetu maji tunayanunua kwa bidoni, kwa hiyo mama yake aliligundua upesi. Akaanza tena kukojoa kitandani, akakonda, sisimizi wakajaa pale alipokojoa. Kisha homa na kutapika. Kituo cha afya walipima damu, wakakuta malaria, wakamtundikia kwinini ndani ya seromu.

Sasa, kwinini hushusha sukari mwilini, ndiyo maana huwekwa kwenye seromu yenye glukozi. Kwa mtoto wa malaria peke yake hiyo ni busara. Wetu alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Damu imeshajaa sukari, na sisi tunamwongezea nyingine kwa mshipa! Alipoanza kuhema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, tulimkimbiza hospitali kubwa. Huko wakapima sukari kabla ya kitu kingine chochote.

Kipimo cha malaria hakikudanganya, na hapo ndipo panaponiuma. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria huku ugonjwa unaotaka kumuua ni mwingine kabisa. Lakini malaria ikishaonekana, daftari linafungwa.

Pole tulipewa nyingi, asanteni, ila ile ya "Mungu ndiye alipenda" sikuipokea. Bibi yake aliogopa kwamba mtoto atazoea sindano za insulini, ile dawa ya kushusha sukari, zisimtoke tena. Kweli hazitatoka. Mimi nilisoma kwamba mtu wa kwanza alichomwa insulini 1922. Kabla ya hapo, mtoto kama huyu alikuwa anasubiri kufa tu. Habari hiyo ilinipa nguvu kuliko maneno mengi ya faraja.

Nguvu nilizihitaji. Usiku nilikuwa naamka kumpapasa kama ana jasho, maana sukari ikishuka nayo inaua. Umeme ni wa kubahatisha, insulini tunaihifadhi kwenye mtungi wenye mchanga uliolowa. Mwanzoni mwa 2025 benki zilipofungwa, dawa yenyewe ikawa kazi kuipata. Leo amenenepa, anajitoboa kidole mwenyewe, na nikichelewa kumpa sindano ananigombeza.

Nilirudi kwenye kile kituo cha mwanzo. Nilimwomba titileri, yaani muuguzi mkuu wa kituo, kwamba mtoto anayekunywa na kukojoa sana apimwe na sukari pia, kwa tundu lile lile la kidole walilotoboa kutafuta malaria. Alinisikiliza vizuri. Akasema mashine wanayo, bandeleti za kupimia ndizo zimekwisha. Basi wiki ijayo waulizeni wakubwa wetu: bandeleti hizo anazinunua nani?