Biblia inasema uhai unaanza lini? Jibu la mkunga wa huku Tororo

Salaam wapendwa. Mwenye uzi ameuliza mambo mawili, Biblia inasema uhai unaanza lini, na kama kuna aya inayotaja kutoa mimba kwa jina, halafu wa kwanza kujibu akabandika Yeremia 1:5 akasema kesi imekwisha. Haijaisha. Mimi ni mkunga kwenye kituo cha afya cha serikali huku upande wa Tororo, Uganda, na jumapili nafundisha Biblia akina mama kanisani kwetu, Anglikana, mlokole kabisa, kwa hio mkiniona nachimba msidhani nimetumwa na shirika (enjio) la wazungu.

Nianze na msimamo wangu mtu asije akanisoma vibaya. Naamini mtoto wa tumboni ni wa Mungu tangu mimba inapotungwa. Lakini aya nyingi tunazozishika kuthibitisha hilo tunazisemesha yasiyokuwemo, na vijana wa siku hizi wana simu, wanaenda wanasoma wenyewe wakikuta ulimdanganya kidogo hawakuamini tena hata pale uliposema kweli.

Aya inayosema "usitoe mimba" haipo. Pindua Mwanzo hadi Ufunuo, haipo. Sasa huyo Yeremia: "Kabla sijakuumba katika tumbo nalikujua." KABLA. Ukiifanya aya ya baiolojia basi itabidi useme uhai unaanza hata kabla ya baba na mama kukutana, na hakuna anayetaka kufika huko. Pale Mungu anamweleza nabii kwamba wito wake haukuanza jana, ni habari ya Mungu kumjua mtu. Zaburi 139 ina uzito zaidi kwangu, ule mstari wa 16, "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika", manake Daudi anajiita MIMI akiwa bado hajakamilika, hasemi uliona kitu fulani ambacho baadae kikawa mimi. Ni wimbo, sawa, lakini hata wimbo una anachokiamini aliyeuimba.

Wa upande ule mwingine nao wana zao. Wanapenda Mwanzo 2:7, Mungu alimpulizia Adamu pumzi ya uhai ndio akawa nafsi hai, eti kwa hio mtoto si mtu mpaka avute pumzi. Jamani Adamu hakukaa tumboni mwa mtu! Huwezi kuchukua mtu pekee ambaye hakuzaliwa ukamfanya kipimo cha wanaozaliwa. Hesabu 5 ile ya maji machungu nimeona imetajwa pia, eti Mungu mwenyewe aliruhusu mimba itolewe, ile inahusu mume mwenye wivu na kiapo mbele ya kuhani, na hata haisemi mwanamke yule alikuwa mjamzito, tuiache.

Ngumu kweli ni Kutoka 21:22-25. Wanaume wanapigana, wanamgonga mama mjamzito, mimba inatoka, hakuna madhara mengine, aliyegonga anatozwa faini. Kukiwa na madhara zaidi, uhai kwa uhai. Wengine wanasoma hapo kwamba mimba ina bei na mama ana uhai, kwa hio si sawasawa. Wengine wanasema hapana, maana yake mtoto alizaliwa mapema akiwa mzima ndio sababu ni faini tu, na akifa ni uhai kwa uhai. Wasomi wamebishana hapo tangu zamani na hawajamaliza. Calvin, yule mwanamageuzi wa kanisa, alipoifikia aya hio alisema kama kumuua mtu ndani ya nyumba yake ni kubaya kuliko kumuua shambani, sababu nyumbani ndio kimbilio lake, basi kumuua aliye tumboni ni kubaya zaidi. Mimi kinachonishika hapo ni kitu kingine kabisa na nitakirudia chini, anayelipa ni MWANAUME.

Aya ninayofundishia mimi ni Luka 1, na sio kwa sababu ya kitoto Yohana kuruka tumboni mwa Elisabeti, hapo kila mtu anafika, Elisabeti alikuwa mwezi wa sita na mwezi wa sita hata mama asiyeenda shule anajua mtoto anacheza. Angalia Mariamu. Malaika ametoka, Mariamu anaondoka kwa haraka kutoka Nazareti kwenda kwa Elisabeti milimani Yuda, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Piga hesabu ya kikunga. Sisi tunahesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hio kadi ya kliniki ikisema wiki nne mtoto mwenyewe ana kama wiki mbili. Mimba ya Mariamu pale mlangoni inawezekana hata kipimo cha mkojo kisingeonyesha mistari miwili. Na Elisabeti anamwitaje? "Mama wa Bwana wangu." Sio atakayekuwa mama. Ndio maana kalenda ya kanisa, yetu na ya Wakatoliki, inaadhimisha Malaika kumpasha Mariamu habari tarehe 25 Machi na Krismasi 25 Desemba, miezi tisa kamili. Hio kwangu inabeba mzigo kuliko Yeremia.

Na kanisa la mwanzo halikusubiri aya. Didake, maandishi ya mafundisho ya zamani sana karibu na wakati wa mitume, inakataza kutoa mimba waziwazi pamoja na kuua watoto wachanga, kwa sababu Warumi walikuwa wanafanya yote mawili. Lakini msiseme kanisa limekuwa na jibu moja la LINI miaka yote. Augustino, mwalimu wa kanisa la zamani, alitenganisha mimba iliyoumbika na isiyoumbika, Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Wakatoliki, akafuata ya mwanafalsafa Aristotle kwamba roho ya kibinadamu inaingia baadae, baada ya wiki kadhaa. Papa Sixtus wa Tano mwaka 1588 akaweka adhabu moja kwa mimba zote, miaka mitatu baadae Gregory wa 14 akarudisha tofauti, mpaka Pius wa Tisa 1869 akaiondoa tena. Ila hata waliotofautisha walisema ni dhambi, walichobishania ni kama ni uuaji ama ni dhambi ya aina nyingine. Hilo watu wa mtandaoni wanalificha pande zote mbili.

Sasa nije kazini. Swali hili la uhai unaanza lini sijawahi kuulizwa na msichana aliyetoa mimba. Hao wakifika kwetu wana homa na damu na wanaogopa polisi, maana sheria ya Uganda ni miaka 14 kwa anayetoa na miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, hakuna anayeuliza teolojia pale. Wanaoniuliza ni wale mimba zimetoka zenyewe. Kuna mama mmoja, miezi minne, alimfunga mtoto kwenye kipande cha kitenge akakishika hivi kifuani, akaniuliza "Musawo (ndivyo wanavyotuita wahudumu wa afya), huyu anaitwa nani?" Mama mkwe yuko mlangoni anasema kwao huyo anazikwa na wanawake wazee tu, hakuna matanga, hakuna jina. Mchungaji alipofika akamwambia usilie Mungu atakupa mwingine. Na ni mchungaji huyohuyo anayetuhubiria kila mara kwamba mimba ya siku moja ni mtu kamili! Kama ni mtu mbona hakusomewa hata sala moja? Nikamsomea mimi Mhubiri 11:5, wewe hujui jinsi mifupa ikuavyo tumboni mwa mja mzito, kadhalika huijui kazi ya Mungu. Jina akampa mwenyewe.

Halafu kuna hili la faini. Shule zilipofungwa kwa korona, Machi 2020 mpaka Januari 2022, wasichana wengi walipata mimba, hilo kila aliyekaa vijijini analijua. Kanisa moja ninalolijua msichana wa kwaya tumbo likaanza kuonekana, akavuliwa joho mbele ya watu na familia yake imekaa hapohapo. Kijana aliyempa mimba alikuwa anapiga kinanda. Jumapili iliyofuata akapiga kinanda. Na kila msichana kwenye ile kwaya aliona. Mnadhani anayefuata akikosa hedhi atakwenda kwa mchungaji ama kwa yule bibi wa mizizi sokoni? Tunasema tunalinda mtoto wa tumboni na wakati huohuo tumeifanya mimba iwe ndio kosa lenyewe, maana mimba ndio inayoonekana, zinaa haionekani. Torati ya Musa tunayoiona kali ilimtafuta mwanaume ikamtoza. Sisi tumeshindwa hata na hilo. Kwenye darasa langu tumekubaliana msichana akipata mimba haondolewi popote, na akina mama wawili wanaandamana naye kliniki, na kijana anaitwa na wazee na wazazi wake wanachangia matunzo. Wengine kanisani wananiambia nalea dhambi, ee basi.

Na dada aliyeuliza chini kule kuhusu mimba iliyotunga kwenye mirija ya uzazi, kwamba padri wake alimwambia Wakatoliki hawaruhusu iguswe: kama ndivyo alivyosema si kweli. Mafundisho yao yanakubali kuondoa mrija wenyewe unaotishia uhai wa mama hata kama mtoto hatapona, kwa sababu lengo sio kumuua. Na sheria yetu nayo inaruhusu upasuaji wa kuokoa uhai wa mama. Mtoto kwenye mrija hawezi kukua akazaliwa na mrija ukipasuka mama anavuja damu ndani kwa ndani. Kwa hio ukisikia maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, umekosa hedhi, unaona kizunguzungu ama bega linauma, usisubiri maombi ya ijumaa, panda boda uende hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo.