Jibu: Fidla ya babu yenye jina la Stradivarius

Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama fidla uliyoachiwa na babu, yenye karatasi ya "Stradivarius 1721" ndani, ni ya kweli, na kama uifunge nyuzi mpya uanze kuipiga.

Karatasi peke yake haithibitishi kitu. Antonio Stradivari, fundi maarufu wa fidla wa Italia ambaye jina lake kwa Kilatini ni Stradivarius, alifariki 1737, lakini viwanda vya Ujerumani na Ufaransa vilibandika jina lake kwenye maelfu ya fidla. Mulika tochi kwenye tundu la herufi f. Ukiona neno "Germany", yaelekea ilitengenezwa baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka.

Nyuzi subiri kwanza. Itikise taratibu. Ukisikia kitu kinagongagonga, huenda kile kijiti kinachosimama ndani kati ya uso na mgongo kimeanguka. Ukikaza nyuzi hivyo, ubao wa juu unaweza kubonyea au kupasuka. Ya marehemu baba niliikaza kwa haraka, ikapata ufa wa urefu wa kidole, na mpaka leo unaniuma. Vanishi usiisugue kabisa, hasa pale kidevu cha babu kilipoichubua. Bei huwezi kuijua kwa picha. Fundi wa fidla lazima aishike mkononi.