Mafuta ya nazi hayagandi Langoni: maswali yenu kuhusu vitonge vya chokoleti

Safari iliyopita niligusia kwa mstari mmoja tu vitonge vya chokoleti na njugu visivyookwa, vile ambavyo vijana wa mazoezi wanaviita "vya protini". Kumbe nimechokoza nyuki. Haya hapa maswali yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo Bi. Nimefuata video moja: oti, kakao, siagi ya karanga na nusu kikombe cha mafuta ya nazi, halafu uache mezani nusu saa vigande. Nimeacha tangu adhuhuri mpaka laasiri, bado ni uji. Nimekosea wapi? (Binti wa Langoni, Lamu)

Marahaba mwanangu. Hujakosea. Aliyekufundisha anakaa penye baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kabatini kwake chupa ni nyeupe kama samli, na huo weupe ndio unaoshika kitonge. Hapo kwenu chupa ya mafuta ya nazi uliiona lini imeganda? Labda alfajiri moja ya kipupwe, na jua lilipochomoza ikarudi kuwa maji. Chokoleti nayo haina nguvu zaidi ya hapo: mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34 na huanza kulegea mapema zaidi. Ndiyo sababu inayeyuka ulimini, na ndiyo sababu wakati wa kaskazi inayeyuka mkobani.

Mimi somo hili nimelilipia. Niliwapelekea watoto wa ndugu yangu Shela vitonge sitini nilivyovichovya kwenye chokoleti, vimeng'aa kama shanga. Nikapanda boti saa saba mchana, sinia mapajani. Kufika, nafunua kitambaa: vitonge vimezama, sinia lote rojo, na rojo limeshapita ukingoni. Heri buibui ni jeusi.

Kwa hiyo kwetu kinachoshika kiwe tende na mafuta ya njugu zenyewe. Mimi huchukua gramu 200 za tende laini zilizotolewa kokwa, gramu 150 za njugu zilizokaangwa na kumenywa, gramu 50 za maziwa ya unga, vijiko 3 vya chakula vya kakao isiyo na sukari, iliki mbili tatu na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Anza na njugu kwenye kinu. Mwanzo zitakuwa unga mkavu unaorukaruka, na hapo ndipo wengi wanapoachia. Usiachie. Twanga mpaka unga ulowe, ushikamane na mchi, na sauti ya kinu igeuke kutoka kukwaruza iwe nzito ya chini. Hapo ndipo mafuta yametoka. Tia tende, ponda, kisha vikavu. Finya donge kiganjani: likipasuka pembeni ongeza tende, liking'ang'ania vidole ongeza kijiko cha maziwa ya unga. Viringisha upate vitonge 20, uvigaragaze kwenye kakao kavu badala ya kuvichovya. Sasa panda boti saa yoyote utakayo.

Bi, kitonge kimoja kina protini kiasi gani? Mimi nabeba vyuma. (Kijana wa Malindi)

Tupige hesabu ya hivyo vyangu. Njugu zina gramu 25 hivi za protini katika kila gramu 100, maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta 26 hivi, kakao karibu 20, tende 2 tu. Jumla inafika kama gramu 58, na ukigawa kwa 20 kila kitonge kina karibu 3. Yai moja lina 6. Maana yake vitonge viwili ni yai moja kwa protini, ila vitonge viwili vina kalori kama 170 na yai halifiki 80.

Nasema hivi kwa sababu neno "protini" siku hizi limekuwa kama manukato, linapuliziwa kila kitu. Mtu mzima asiye na mazoezi mazito huhesabiwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 ni 56. Wewe wa vyuma unahitaji zaidi, lakini uko Malindi, mwanangu! Jodari anashushwa hatua chache kutoka kwako, na kipande chake cha gramu 100 kinapita gramu 20. Kitonge ukile kwa utamu wake.

Ukitaka kukiongezea, unga wa protini wa kopo unakubali. Lakini unakunywa unyevu kuliko mchanga wa ufuoni, tena kimyakimya: sasa hivi donge ni laini, ukirudi baada ya dakika kumi limekuwa tofali. Tia kijiko kimoja kimoja, subiri, ndipo uamue kingine.

Sina oti wala maziwa ya unga. Naweza kutia unga wa ngano mbichi au wa soya? (Mama wa wawili, Mokowe)

Mbichi, hapana, wa ngano wala wa soya. Unga wa ngano haukupikwa kiwandani, na waweza kubeba vijidudu vya kuharisha kama salmonela. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuisaga protini yake, basi utakula protini usiyoipata. Nunua unga wa soya iliyokwisha kukaangwa. Oti za pakiti zimepitishwa kwenye mvuke, hizo hazina neno. Na ukipata ufuta, ukaange mpaka uanze kurukaruka sufuriani, uutwange pamoja na njugu. Kwangu mimi ufuta unashinda oti kwa mbali.

Wanao kama hawajafika miaka mitano, njugu zisagike kabisa, pasibaki kipande cha kumkaba mtoto.

Njugu zangu zimepata ukungu kidogo. Nikizikaanga sana si zitakuwa salama? (Msomaji, Lamu)

Zitupe. Na usimpe kuku.

Ukungu ule huacha sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa kikaango hauimalizi. Sumu hii inashambulia ini. Wakenya tunaikumbuka ya mwaka 2004, watu 125 walipofariki kwa mahindi yaliyoota ukungu, wengi wao upande wa Makueni na Kitui. Njugu zina tabia hiyohiyo ya mahindi, na unyevu wa kisiwani haujawahi kuzisaidia. Nunua chache chache. Zimwage kwenye chano karibu na dirisha, upepete, kisha uchambue kwa vidole: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyotoboka, nje. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme. Bibi yangu alikuwa akichambua njugu huku akizungumza na wageni bila kuzitazama, na hakuna mbovu iliyompita.

Nilikuwa nayeyusha chokoleti juu ya sufuria ya maji moto, ghafla ikakauka ikawa kama udongo. Imeharibika? (Bi harusi mtarajiwa, Malindi)

Imeingiwa na maji. Chokoleti ni chembe kavu za kakao na sukari zinazoelea ndani ya mafuta; tone moja la mvuke likidondoka, chembe zinanata kwenye maji na kuganda madonge. Bakuli lifunike mdomo wa sufuria vizuri, maji yasiguse kitako chake, na mwiko uwe mkavu. Iliyokwisha kukauka haifai tena kuchovya, ila usiitupe: ongeza maziwa ya moto, kijiko baada ya kijiko, ukikoroga, mpaka ilainike iwe mchuzi mzito. Huo mimina juu ya ndizi.

Baba ana ugonjwa wa sukari. Nimwambie vitonge hivi havina sukari, maana ni tende tu? (Binti, Shela)

Usimdanganye mzee. Tende, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Kutoka mtini hakuifanyi isiwe sukari. Amuulize daktari wake kama kimoja baada ya chakula kinamfaa. Na akiwa na matatizo ya figo, protini ya kuongezaongeza nayo ni jambo la kuuliza kwanza.

Umeme unakatika sana huku. Vinakaa siku ngapi bila friji? (Wengi)

Vyangu havina maji wala maziwa mabichi, kwa hiyo ndani ya chupa kavu yenye kifuniko vinamaliza wiki, kama hakuna watoto nyumbani. Ukitia maziwa mabichi, uvile siku hiyohiyo. Chupa iweke katikati ya sahani yenye maji; sisimizi wa Lamu wanajua kila kitu isipokuwa kuogelea.