Mafunzo ya usaili yanasaidia kweli?

Waalaykumu salaam, ndugu yetu wa Wete. Umeuliza kama mdogo wako alipie mafunzo kabla ya usaili wa hoteli kule Nungwi. Yanasaidia, ila inategemea anafunzwa nini. Mwaka 1998 Todd Maurer na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti juu ya polisi na wazimamoto waliosailiwa kupanda cheo: waliohudhuria mafunzo walifanya vizuri zaidi. Maswali yenyewe yalikuwa ya "ungefanyaje ikiwa…".

Basi mkalishe barazani umuulize: mgeni kafika saa nane usiku, chumba chake kashapewa mtu mwengine, utafanyaje? Ajibu kwa sauti, hatua kwa hatua. Akianza "mimi ni mchapakazi", mkatize! Hao wanaouza majibu ya kukariri, mie nisingewapa hata shilingi.