Bonasi itokanayo na kukataa madai ya wagonjwa

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Ninafanya kazi kitengo cha madai katika kampuni binafsi ya bima ya afya hapa Mombasa. Nimeambiwa nikatae dai la mzee anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, eti fomu yake ya kujiunga haikutaja presha. Nimepitia faili: presha iligunduliwa baada ya yeye kujiunga. Meneja anasema hii ni biashara, na madai yakipungua mwisho wa mwaka sote tunapata bonasi. Je, faida hiyo ni halali? Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah, binti yangu.

Faida yenyewe si kosa. Daktari analipwa, mwenye duka la dawa anauza kwa faida, na Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara (Qur'ani 2:275). Kasoro ya bima ya kibiashara ni kwamba shilingi ikienda hospitali ni hasara ya kampuni, ikizuiwa ni faida yake, na anayeamua ni kampuni hiyo hiyo.

Tena kuna gharar: mtu anatoa ada bila kujua atapata nini. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, baraza la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, iliuharamisha mkataba huu Desemba 1985, ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Wapo waliouhalalisha, maarufu wao Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, na hoja zake si za kudharauliwa. Lakini swali lako halihitaji kungoja khitilafu hiyo iishe. Kumnyima mtu haki aliyokwisha kuilipia ni dhulma kwa mtazamo wa wanazuoni wa pande zote mbili.

Angekuwa aliijua presha yake akaificha, hapo kampuni ingekuwa na hoja. Wengi wetu huficha maradhi wakijaza fomu na kuuita ujanja. Huo nao ni udanganyifu. Ila mtu hawezi kutaja ugonjwa asioujua. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa mvua. Akamwambia: kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi (Muslim). Vijitabu vingi vya bima viko vivyo hivyo: juu familia inacheka, unyevu uko ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo.

Ama mfano mwema ni wa Ash'ariyyin, watu wa kabila la Yemen zama za Mtume. Chakula kilipowapungukia walikusanya walichokuwa nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa, na Mtume akasema wao ni katika mimi nami ni katika wao (Bukhari na Muslim). Takaful, yaani bima ya kusaidiana, imejengwa juu ya hilo: mfuko ni wa wanachama, msimamizi analipwa ujira unaojulikana, kinachobaki si mali yake. Kenya ipo. Lakini usidanganyike na kibao cha mlangoni. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu msimamizi kupewa fungu katika hicho kinachobaki, na mimi naona akipewa, kishawishi kile kile kimerudi. Soma mkataba.

Kwa upande wako, usitie sahihi kukataliwa kwa dai hilo. "Wala msisaidiane katika dhambi na uadui" (5:2). Andika ndani ya faili tarehe presha ilipogunduliwa, umpelekee meneja kwa maandishi. Wakikataa, mzee ana haki ya kujua sababu, na anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kumjulisha njia hiyo si kuvunja amana ya kazi.

Mshahara wako wa kuhakiki madai kwa uadilifu sikuharimishii, ingawa ukipata kazi isiyo na utata ni bora. Bonasi ni jambo jingine. Sehemu unayojua imetokana na madai ya haki yaliyokataliwa si yako: wenyewe wakijulikana warudishiwe, wasipojulikana toa kwa ajili ya wagonjwa mafukara bila kuihesabu kuwa sadaka yako. Wallahu aalam.