Jibu kwa aliyeuliza kwa nini ndege ya wagonjwa ilikaa chini dakika 50

Mkuu, pole sana kwa mzee. Swali lako nimelisoma mara mbili: baba aligongwa na gari, mkamkimbiza mpaka kiwanja cha ndege, ndege ikatua, halafu wale wahudumu "wakakaa dakika hamsini wanamshikashika" badala ya kuondoka, na mzee akafariki siku ya pili akiwa hospitalini Nairobi. Unataka kujua kama wangeruka palepale angepona. Sikuwepo, na chati yake sijaiona, kwa hiyo hilo siligusi. Ila hizo dakika 50 nazijua. Huu ni mwaka wangu wa tisa kama muuguzi wa ndege za wagonjwa, kituo changu uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na safari ambayo ndugu hawajanifokea "Sista, mnangoja nini?" ni chache.

Tunangoja kwa sababu ndani ya ndege ni mahali pabaya pa kumtibia mtu.

PC-12, ile ndege ndogo tunayorukia, ikishafungwa machela, mgonjwa anakaa upande mmoja, mimi na daktari tunabanana upande wa pili, mikoba na mitungi miguuni. Kusimama wima husimami. Injini ikiwaka, stetoskopu inageuka pambo la shingoni, maana husikii kitu. Nikitaka kujua kama mapafu yote mawili yanaingiza hewa, natazama kifua kinavyopanda, naweka kiganja, nasoma monita. Mshipa uliokataa kupatikana chini, juu ndiyo usahau. Na kumwingiza mtu mrija wa kupumulia, kazi inayotaka ujipange vizuri kichwani kwake kwenye mwanga wa kutosha, mle unaifanya umejikunja kama anayetafuta pini chini ya kitanda.

Najua kwa sababu yalishanikuta. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini. Tulimfuata mtoto wa miaka minne kaskazini mwa Kenya, degedege lisilokatika. Tulipofika alikuwa ameshachomwa dawa mara mbili, ametulia, anapumua mwenyewe. Daktari niliyekuwa naye akaniuliza, "Tumwekee mrija hapa, au twende naye hivihivi?" Mama yake analia, jua linateremka, na mimi moyoni nilishaondoka zamani. Nikamjibu twende, mbona anapumua vizuri. Akakubali. Hatujamaliza dakika 20 angani degedege likarudi. Tukaongeza dawa. Degedege likakatika, na pumzi ikakatika pamoja nalo. Nikambana barakoa usoni nikawa nampulizia kwa mfuko wa mkono, daktari amepiga magoti anatafuta njia ya hewa kwenye koo dogo vile huku ndege inarushwarushwa na upepo wa mchana. Mara ya kwanza alikosa. Oksijeni ya damu ilishuka mpaka asilimia sitini na kitu. Mara ya pili mrija ukaingia.

Mtoto alifika hai, na baadaye alitoka hospitalini kwa miguu yake. Lakini kwenye kikao cha kupitia safari hakuna aliyetupongeza. Daktari mkuu wetu aliuliza swali moja tu: "Mngechelewa robo saa pale chini, mtoto angepoteza nini?" Tulitazamana. Asingepoteza chochote.

Tangu hapo swali ninalojiuliza kabla ya kufunga mlango ni hili: kitu gani nitatamani ningekifanya huku chini, nikiwa juu? Kama kipo, nakifanya, hata ndugu wakinitukana.

Kwa mzee wako kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni hewa. Ndani ya ndege iliyoshindiliwa hewa, ikiwa juu sana, kwa kawaida hali ni kama umekaa kwenye mlima wa futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi. Hewa iliyofungiwa mahali hutanuka kwa karibu theluthi ikifika hapo. Umewahi kupanda milimani na pakiti ya krispi ukaona ilivyovimba? Sasa chukua hewa hiyo uiweke ndani ya kifua cha mtu aliyevunjika mbavu, nje ya pafu, mahali isipotakiwa. Chini ni kijihewa kidogo, mtu anaongea, anaomba maji. Juu kinavimba, kinalikandamiza pafu, kikizidi kinausukuma na moyo. Oksijeni nayo huko juu ni haba, hata mimi mzima nikivaa kipimo cha kidole naona namba imeshuka.

Kwa hiyo mtu aliyegongwa na gari lazima kifua chake kichunguzwe kabla ya kuruka, injini zikiwa zimezimwa ili tusikie. Tukishuku hewa, tunampitishia ganzi, tunachana kidogo kati ya mbavu, tunaingiza mpira, tunaushona na kuufunga usichomoke wakati wa kumpakia. Mikono ikiwa myepesi ni dakika 20. Mgonjwa akiwa hatulii, ni 30. Ndugu aliye pembeni ya uzio anaona watu wanamkata baba yake juu ya machela wakati ndege ipo hapo hapo. Naelewa hasira.

Kuna watakaosema rubani aruke chini ili ndani kusiwe na hali ya mlima. Tunaomba hivyo mara kwa mara, na mara nyingine inawezekana. Ila chini mafuta yanaisha haraka, mtikisiko ni mwingi, na Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700. Mgonjwa wa Lodwar, ambako ni mita 500 na kitu, au wa Lamu, ambako ni usawa wa bahari, atapanda tu hata mkimleta kwa gari.

Niseme na upande wa pili, usije ukadhani kukaa chini ndiyo sahihi siku zote. Mwaka mmoja tulimfuata kijana aliyeanguka kutoka juu ya shehena ya lori, kiwanja cha changarawe, mbali na Lodwar. Viwanja vya aina ile havina taa. Rubani kabla hajazima injini alitutajia saa ya mwisho: "Saa kumi na mbili na robo magurudumu yawe hewani, la sivyo tunalala hapa." Tulikuwa na dakika 40. Tabibu wa zahanati (wenyewe wanamwita daktari, na kwa ile kazi anayoifanya peke yake anastahili) alikuwa ameshamfunga mguu na kumwekea dripu mbili. Kifuani kulikuwa na hewa, na fupanyonga tulilishuku. Daktari niliyekuja naye akachukua kifua, mimi nikafunga nyonga kwa mkanda na kumchoma traneksamiki gramu moja, dawa ya kusaidia damu kuganda ambayo faida yake ipo ikitolewa ndani ya saa tatu tangu ajali. Mshipa wa tatu niliutaka. Kidole cha kulia kilikuwa kimepinda, kinataka kunyooshwa. Mkojo hatujauweka mpira. Vyote hivyo tukaviacha. Tuliruka saa kumi na mbili na dakika nane, watoto wamefukuza mbuzi kwenye kiwanja. Kidole chake mpaka leo kimepinda, alinitumia picha.

Hilo la rubani linawashangaza watu, hebu nilieleze. Kwenye mashirika mengi ya kazi hii duniani, rubani hapewi habari za mgonjwa mpaka ameshaamua kama safari inawezekana. Haambiwi ni mtoto, haambiwi ni mjamzito, haambiwi anakufa. Anaambiwa mahali, uzito na saa. Anatazama mawingu, urefu wa kiwanja, mvua ilinyesha lini, halafu anajibu ndiyo au hapana. Ukimwambia kuna mtoto anakata roho, utamfanya aone mwanya kwenye wingu ambao haupo. Wahudumu wa ndege za wagonjwa wameshakufa hivyo, katika nchi nyingi, pamoja na wagonjwa wao. Na ndani ya timu yetu kanuni ni fupi: kwenda kunataka wote wakubali, kutokwenda kunamtosha mmoja. Haulizwi sababu palepale. Nilishaisema hapana hiyo mara moja, na kurudi nyumbani na machela tupu ni safari ndefu kuliko zote.

Oksijeni nayo ina hesabu zake. Mtungi wa lita 680 ukiufungua lita 15 kwa dakika unakupa dakika 45. Safari ya saa moja na nusu inataka miwili, lakini ukichukua miwili tu umekufa, kwa sababu kuna kumpakia, kuna kuzungushwa hewani ukingoja zamu ya kutua, kuna ambulensi kunasa kwenye foleni ya Nairobi. Ninazidisha mara mbili. Ndiyo maana unaweza kuwaona wahudumu wametulia na kalamu na karatasi wakati wewe moyo unadunda. Hawajazubaa.

Umeandika pia kwamba mlishuku walikuwa wanasubiri uthibitisho wa malipo. Sina sababu ya kuitetea kampuni nisiyoijua. Ila kwa uzoefu wangu, mambo ya dhamana ya malipo yanaleta ucheleweshaji kabla ndege haijaondoka kituoni, si baada ya kutua. Huko nyuma ndiko saa zinakopotea, watu wanachangishana kwenye makundi ya WhatsApp, bima haipokei simu. Ikishatua, sisi tulio na mgonjwa hatuulizani habari za pesa.

Kisa kimoja zaidi, maana kinahusiana na hilo neno lako "wanamshikashika". Mama aliyejifungua usiku, damu haikomi. Tulipofika asubuhi presha ilikuwa haisomeki vizuri. Ndugu wote walitaka tumtupie ndani tuondoke. Tulikaa naye saa moja na dakika tano, ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Alipata oksitosini zaidi (dawa ya kuukaza mji wa mimba), traneksamiki, damu chupa mbili tulizokuja nazo kwenye kasha la baridi, na mkunga wa pale akafanya alichokifanya kwa ustadi nisioweza kuuiga: akafunga kondomu kwenye mpira wa mkojo, akaiingiza kwenye mji wa mimba, akaijaza maji mpaka ikabana ile damu. Maji, siyo hewa. Kwetu wa ndege hiyo ni neema, kwa kuwa maji hayatanuki ukipanda. (Hata kile kifuko kidogo mwishoni mwa mrija wa kupumulia, kinachojazwa hewa ili kizibe koo, tunakipima tena tukiwa juu, maana kikivimba kinaumiza.) Tulingoja mpaka presha imesimama mara tatu mfululizo. Safari yenyewe haikuwa na neno, alilala njia nzima. Waliompa uhai walikuwa yule mkunga na zile chupa mbili. Ndege iliwaletea damu tu.

Wala hili si wazo letu sisi vijana. Huduma ya madaktari wanaoruka ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na Michael Wood na wenzake, Archibald McIndoe na Thomas Rees, sehemu kubwa ya mpango ilikuwa kumpeleka mpasuaji kwenye hospitali za porini akafanye kazi hukohuko. Wood mwenyewe alikuwa daktari wa upasuaji na rubani. Picha ya ndege kama gari la kunyakua mgonjwa na kutimua vumbi ni ya sinema.

Sasa, je, kuna timu zinazokaa chini bila sababu? Zipo. Nimeona watu wakihangaika na mshipa mmoja dakika 25 kwa sababu hakuna aliyetaka kukubali kwamba umeshindikana, wakati sindano ya kwenye mfupa wa mguu ingewatoa kwa dakika mbili. Nimeona daktari na muuguzi wakibishana kwa heshima mno mpaka muda ukaenda. Kutoka damu tumboni ambako tiba yake ni kisu cha chumba cha upasuaji tu, kila dakika ya chini isiyofungua njia ya hewa wala kuziba damu ni hasara. Kwa hiyo swali lako ni halali kabisa, usikubali mtu akwambie huna haki ya kuliuliza.

Jibu lake limo kwenye karatasi. Kila safari ina chati ya kitabibu: saa ya kutua, saa walipomfikia mgonjwa, vipimo alivyokuwa navyo, dawa na saa yake, kila kilichofanyika, saa ya kuruka. Nenda wewe kama mwanawe, na kitambulisho na cheti cha kifo, uombe nakala kwa barua kwa kampuni iliyomchukua, na nyingine kwa hospitali iliyompokea, kwa sababu huwa tunaacha nakala pale tunapokabidhi. Tazama hasa kati ya saa walipomfikia na saa ya kuruka: kama kuna mpira wa kifua, mrija wa kupumulia, au damu iliyotundikwa, dakika zako ziko hapo. Kama kuna dakika 50 na vipimo viwili vya presha tu, una haki ya kuomba kikao nao.

Ukiipata na maandishi yakakushinda (mwandiko wetu angani ni aibu), futa jina la mzee na namba zake, niwekee picha hapahapa. Wiki hii niko zamu ya usiku, nitasoma asubuhi.