Doria ikikusimamisha baharini, jaketi lako liko wapi?

Jumamosi iliyopita saa tano asubuhi tulikuwa tunarudi Shangani hapa Mtwara na kolekole wanne na nguru mmoja wa kama kilo tisa hivi, upepo wa kusi umeshaanza kuamka, mara tukaona boti ya doria inatukata kwa mbele. Nikapunguza mashine, nikamwambia kijana wangu awarushie kamba. Ofisa akaomba cheti cha chombo, nikampa. Akahesabu watu, wanne. Akahesabu majaketi, manne tumevaa na mawili ya akiba. Akatazama mtungi wa kuzimia moto, mshale uko kwenye kijani. Boya, filimbi, taa, nanga, makasia, ndoo. Akauliza fataki za kuitia msaada zinaisha muda lini, nikamwonyesha tarehe. Dakika sita kamaliza, akaniambia "mzee wangu, wote wangekuwa hivi kazi yetu ingekuwa nyepesi." Sifichi, nilifurahi, nikafika nyumbani nikamsimulia mke wangu kabla hata ya kushusha samaki.

Nikaweka picha ya yule nguru kwenye status pamoja na maneno mawili matatu ya ule ukaguzi, jioni ikaingia meseji ya msomaji mmoja yuko Kilwa Masoko. Anasema, "Shikamoo kaka. Mimi nina boti ya faiba futi 19, navua kwa raha zangu wikendi sio biashara, ila kila wakinisimamisha lazima wakute kitu. Majaketi ninayo, mtungi ninao, bado wananirudisha. Hivi hawa watu wanatutakia nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikujibu kifupi nikakuahidi nitaandika, na hili swali lako limenigusa sehemu ambayo bado ina kidonda, kwa sababu mimi nilikuwa nasema maneno hayo hayo mpaka mwaka 2022.

Boti yangu niliinunua 2021, korosho ilinilipa vizuri mwaka ule nikasema hela hii haipotei kwenye mambo madogo madogo. Faiba futi 21, mashine ya farasi 40. Wengi mnaosoma hapa mnajua ile raha, unatoka na fimbo zako tatu alfajiri bahari imetulia kama kioo, unapita mkondo kati ya mjini na Msangamkuu kabla pantoni haijaanza safari, unatoka nje ya ghuba jua ndio linachomoza. Vifaa nilinunua vyote siku moja duka moja, majaketi sita kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua, mtungi, nanga, nikapeleka chombo kikakaguliwa nikapata karatasi zangu. Nikajiona nimemaliza.

Juni 2022 baba mkwe akaja kutoka Newala. Mzee wa watu wa kule juu, kazaliwa kwenye mikorosho, bahari anaiona kwa mbali tu akija mjini, boti hajawahi kupanda. Akaniambia mwenyewe, "Mwanangu, hiyo boti yako ninayoisikia nami nataka niione." Kwa mkwe kuna ombi kubwa kuliko hilo? Nikaandaa siku, nikamchukua yeye na shemeji zangu wawili. Majaketi nikayatia kwenye gunia nikalisukuma kule omo, mbele ya boti, ili yasitusumbue miguuni, juu yake nikaweka boksi la barafu, juu ya boksi nyavu ya chambo. Nyie wenzangu mnajua ndivyo tunavyopanga wengi wetu.

Doria ikatukuta kabla hata hatujatupa mshipi. Ofisa kijana tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Karatasi akaziona ziko sawa. Akauliza majaketi, nikasema yapo sita. Akasema sawa, vaeni. Akatazama saa yake.

Nikaanza kuhamisha nyavu. Boti inayumba kwa sababu ubavu kwa ubavu na yao, boksi limejaa barafu halinyanyuki peke yangu, shemeji akaja kunisaidia wote tukawa upande mmoja chombo kikalala, baba mkwe akashika ukingo kwa mikono miwili na uso umebadilika. Gunia lilipotoka limelowa. Nikampa mzee jaketi akaingiza mikono, kufunga ile buko ya kifuani ikatoka na utambi wake wote, ikabaki mkononi mwake. Kipande cha plastiki cheusi. Akawa amekishika ananitazama mimi, hajui kama kakivunja yeye au vipi. Ofisa akasema kwa sauti, wote wanasikia, "Hili ndilo unalomvalisha mzee?" Kisha akatusomea muda, tumetumia zaidi ya dakika nne na watu wawili bado hawajavaa.

Tukarudishwa, na faini juu. Njia nzima ya kurudi mzee amekaa katikati na lile jaketi limemlalia magotini, hasemi. Tulipofika pwani ndio akaniuliza kwa sauti ya chini ili shemeji wasisikie, "Mwanangu, hela ya kuwalipa hawa unayo?" Basi. Mpaka leo hajalitaja tena na mimi sijawahi kulizungumza naye, na nikikumbuka lile swali moyo unauma. Yule ofisa angeweza kunivuta pembeni akaniambia. Nilimchukia miezi.

Lakini usiku ule nilikaa uani nikachukua lile jaketi na kisu cha kuparia samaki nikalipasua. Nje limeandikwa vizuri, rangi ya chungwa, mistari inayong'aa. Ndani nikakuta vipande vya sponji la godoro, njano, vimeungwaungwa, na kwa vile lilikuwa limelowa kule kwenye gunia nilipolikamua maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikajaza pipa nikatumbukiza la pili nikalikandamiza na tofali moja. Nikaenda kula. Nimerudi liko chini kabisa, nimetoa tofali halipandi. Nikakaa pale kwenye kigoda. Hayo ndiyo ningemvalisha baba wa mke wangu nje ya ghuba kwenye kusi ya mwezi wa sita. Tangu hapo chuki kwa yule kijana ikaanza kuisha, maneno yake yangali yanauma lakini chuki sina.

Sasa mdogo wangu wa Kilwa, turudi kwako. Unasema majaketi unayo. Mimi pia nilikuwa nayo. Mkaguzi mzuri haulizi tu kama kitu kipo, anataka kuona kitafika mwilini au mkononi kwa muda gani, kwa sababu boti ndogo ikipigwa wimbi la ubavu ikajaa haikupi dakika nne, haikupi hata moja. Jaketi lililo chini ya boksi la barafu usilihesabu. Mtungi uliofungwa na kamba ya mafundo usiuhesabu. Fataki zilizo ndani ya mfuko ndani ya ndoo ndani ya kabati usizihesabu. Jiulize kila kimoja, mkono wangu unakifikia nikiwa nimekaa? Kama haufiki, hama nacho.

Na jaketi, vaa. Mimi sasa hivi chombo changu hakiondoki mtu hajavaa, awe baharia wa miaka thelathini au mgeni. Watu wanasema joto, wanasema sisi tunajua kuogelea, maji yetu ya moto huwezi kufa kwa baridi. Kweli maji yetu si ya baridi, lakini hakuna mtu anayeshindana na mkondo. Huku kwetu ule mkondo mkubwa unaotoka Bahari ya Hindi mashariki unagonga pwani maeneo haya haya ya Mtwara na Rasi ya Delgado, unagawanyika, tawi moja linakwenda kusini Msumbiji na lingine linapanda kaskazini, na wakati wa kusi upepo unalisukuma kwa nyuma linakuwa kali zaidi. Ukidondoka nje ya Msimbati unaelea kuelekea Lindi.

Hilo nalisema kwa kulionja. Septemba 2023 mashine ilinizimia nje, maji yaliingia kwenye mafuta, tuko watatu. Nanga haikugusa chini, kule kuna kina. Simu hakuna mtandao. Saa nne nzima tunaiona nchi kavu inapita taratibu upande wa kushoto, yaani unaona minazi unayoijua, halafu minazi usiyoijua. Tulikuwa tumevaa majaketi mapya, yale ya kweli, na nakwambia kuna tofauti ya akili, mtu aliyevaa anafikiri, asiyevaa anaomba tu. Jioni tukawasha fataki ya mkono, ya kwanza watu hawakuiona, ya pili dau la wavuvi wa Sudi wakaiona wakaja wakatukokota. Fataki mbili. Mwaka mmoja nyuma nisingekuwa nazo hata moja.

Basi kwenye kununua. Jaketi la kweli limeandikwa nguvu yake ya kuelea kwa nyutoni, nyutoni 10 ni kama kukubeba kilo moja. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu, halikugeuzi uso juu ukizimia. La 100 ni la maji ya ndani kama ghuba, la 150 ndio la kutokea nje. Usikubali lisilo na maandishi, na hata lenye maandishi lijaribu, ingia nalo majini pale pwani maji ya kifua, kunja miguu, uone. Maandishi mtu anaweza kuchapa, kuelea hawezi kuchapa. Na mtoto anunuliwe la mtoto, la mkubwa linamvuka kichwani.

Filimbi ifungwe kwenye jaketi lenyewe, isikae kwenye droo. Mtungi uangalie mshale kila wikendi na uupindue mara moja moja, unga ndani hushikana chini. Taa, nyekundu kushoto na kijani kulia na nyeupe, maana unaweza kutoka asubuhi ukarudi usiku bila kupenda kama mimi. Kama una redio ya mawasiliano ya baharini, chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada, mfundishe na mtu wa pili kuitumia kwa sababu wa kudondoka unaweza kuwa wewe. Na ile kamba nyekundu inayozima mashine ukidondoka ifunge mkononi au kwenye jaketi, wengi wanaiacha inaning'inia kwenye mashine kama pambo. Binamu yangu yuko Houston na yeye mvuvi wa wikendi, ananiambia kule Marekani tangu Aprili 2021 kamba hiyo ni sheria kwa boti ndogo za chini ya futi 26, mtoto chini ya miaka 13 lazima avae jaketi chombo kikiwa kinakwenda, na walinzi wao wa pwani wanaweza kukusimamisha kukukagua hata kama hujafanya kosa lolote. Kwa hiyo usidhani ni Kilwa tu wanakuandama.

Karatasi nazo. Usajili na ukaguzi wa chombo ni TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, kabla ya 2018 ilikuwa SUMATRA, na cheti kikiisha kimeisha, usimwambie ofisa "naenda wiki ijayo." Kwa sisi tunaopenda kwenda upande wa Msimbati ujue unaingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, kule kuna utaratibu wake na vibali vyake, ulizia kabla hujatupa ndoano. Nakala za karatasi zote mimi nimezitia kwenye chupa ya plastiki ya mdomo mpana nimeifunga chini ya kiti.

Na hali ya hewa jamani. Mei 2024 TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walitangaza kimbunga Hidaya, kuna watu hapa hapa walikuwa wanabishana pwani kwamba anga mbona nyeupe. Mimi nilivuta boti juu kabisa nikaifunga kwenye mnazi. Tangazo la upepo mkali likitoka pwani ya Mtwara na Lindi, nguru hatahama, utamkuta wiki ijayo. Kila ninapotoka namwachia mke wangu ujumbe, tuko wangapi, tunaelekea wapi, ikifika saa fulani hatujarudi ampigie nani. Nawaomba sana mfanye hivyo. Nchi hii imezika watu wengi wa majini, MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018, na sisi wa boti ndogo tunazama wawili watatu hata kwenye redio hatutajwi. Unaye mama. Una watoto wanaokusubiri uje na kitoweo. Usimfanye mtu akae pwani siku tatu anatazama maji kwa sababu wewe uliona jaketi linakubana kwapani. Na ukisimamishwa, punguza mashine, salimia, wape karatasi kwanza kabla hawajaomba, usianze kubishana. Hata akikukosea adabu kama nilivyokosewa, mpe ushirikiano, malalamiko yapeleke ofisini ukishafika nchi kavu.

Umeniuliza pia kwenye meseji yako ya pili, kama boti inabeba sita na siku hiyo mko watatu, je majaketi matatu yanatosha? Mimi nabeba ya watu wote waliopo na mawili juu yake. Siku tulipokokotwa, lile dau la Sudi lilikuwa na vijana watano na hakuna hata mmoja aliyevaa kitu, na njiani bahari ilichafuka. Yale mawili ya akiba niliwapa wawili waliokuwa tezi, kule nyuma.